Kule Kwenye Hadithi Alikuja

Jirani yetu anasema alimsikia dada yangu Rogathe kwa masikio yake, kwenye podikasti ya waandishi, akisoma habari za mazishi ya mama. Ndiyo maana jirani akaja na mzigo wa kuni kichwani, kama tunavyofanya huku kwenye msiba.

Akamkuta mama uani, anakwangua tangawizi.

"Shikamoo," akasema, na mzigo ukamdondoka.

"Marahaba. Nani kafa?"

"Wewe, mama."

Nikamwambia mama ni hadithi tu, si unajua dada anatunga. Akataka kuisikia.

Tukaisikiliza yote kwenye simu ya jirani. Rogathe alisoma polepole. Binti wa kwenye hadithi alishuka basi mjini Same alfajiri, akapanda mlima kwa miguu, akakuta kaburi bado lina udongo mbichi, akalilalia akilia. Dada mwenyewe hajafika huku tangu aende Dar. Hata Krismasi, watu wote wakirudi milimani, yeye hutuma salamu.

Mama alikuwa bado ameshika tangawizi ile ile. Kisu kilikuwa kimeshapita ganda, kimefika ndani, na maji yake yalimtiririka vidoleni.

"Amesoma vizuri," akasema. "Haya, nipigie."

Nikapiga, nikamwekea simu sikioni. Ikaita, ikaita.

"Rogathe," mama akaiambia ile milio, "njoo na huku, mwanangu. Kuni zimeshaletwa."