Wakili Mbelwa Amkataa Shahidi Wake

Asubuhi ile, kwenye korido ya mahakama, wakili Mbelwa alimsikia mteja wake akimkaririsha shahidi: "Sema ulimwona na kibiriti."

Mshtakiwa alikuwa Mwashamba, mjane aliyesingiziwa kuchoma ghala la mteja huyo, jirani yake.

"Mwite shahidi wako," hakimu akaamuru kesi ilipoanza.

Mbelwa alimtazama Mwashamba, aliyefumba macho kama mtu anayengoja kofi. Akasimama.

"Mheshimiwa, chuoni tulifundishwa neno la Kilatini, *calumnia*. Ni kumzushia mtu kosa huku ukijua hana hatia. Sikudhani nitalitumia kwa upande wangu mwenyewe. Shahidi huyu amefundishwa uongo. Simwiti."

"Msaliti!" mteja alifoka. "Nani atakupa kazi tena mji huu?"

"Unaiua kesi yako, wakili," hakimu alisema taratibu.

"Najua, mheshimiwa. Mama huyu aende nyumbani."

Shahidi, aliyekuwa mlangoni akingoja kuitwa, akaangua kilio, akakiri yote. Kesi ikafutwa.

Mbelwa alipotoka, watu walimpisha. Mwashamba alikuwa amemtangulia. Akavua mtandio wake, akautandaza ngazini.

"Pita, mwanangu."

Mbelwa akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.