Kiboko Aliyesajiliwa Kufunga Mabao

"Mmetoa laki tano, na mchezaji wetu Digidigi juu! Yote hayo kwa mshambuliaji asiyeweza hata kukimbia?" Wakati wa mapumziko Nyegere, shabiki mwenye hasira za karibu, alimfokea Korongo, mwenyekiti wa timu, uwanja mzima ukisikia. "Liuzeni leo leo gunia hili!"

Kiboko mwenyewe akasogea. "Mimi ni kipa, bwana. Tangu nifike hapa hakuna aliyeniuliza."

Korongo akatazama kucha zake. Kipindi cha pili Kiboko akasimama golini, akalijaza lote, mpira ukakosa pa kupita. Timu ikashinda bao moja bila.

Nyegere akaja mbio amenyoosha mkono. "Baba lao! Mimi nilijua tu!"

Kiboko hakuupokea. "Ulinitukana mbele ya uwanja mzima. Niombe radhi mbele ya uwanja mzima."