Nyumba Moja ya Kijivu

Jumanne, tarehe tatu Machi. Tangu alfajiri manyunyu hayakukatika, na kijito cha bondeni kilikuwa kimeshaanza kunguruma.

Ofisini, mchora ramani alikuwa akiandika chujio: maagizo mafupi ya kompyuta yanayoipitia kila nyumba na kuuliza kama iko karibu mno na kijito. Chujio likijibu ndiyo, rangi inawekwa nyekundu. Likijibu hapana, kijivu.

Bosi hakumweleza mengi. "Nyekundu zinabomolewa. Yaliyobaki atayasema mkurugenzi mwenyewe mkutanoni."

Yaliyobaki aliyajua. Mwaka juzi nyumba nyekundu za ng'ambo zilivunjwa asubuhi, na jioni wenyewe walilala nje wamekumbatia magodoro.

Akabonyeza. Bonde lote likaiva wekundu, pamoja na nyumba ya mama yake.

"Shoga, mbona umekauka kama umeona jini?" aliuliza mwenzake wa meza ya pili.

"Macho tu. Hii skrini itanimaliza."

"Vaa miwani, bibi wee. Uzee umeshapiga hodi."

Simu ikaita. Alikuwa mama. "Mwanangu, huku wanasema safari hii hatuponi."

"Nyumba yako haiguswi, mama. Lala usingizi."

"Na majirani je?"

"Tuwaombee."

Mwenzake alipotoka kufuata chai, akaongeza mstari mmoja kwenye chujio: hata ikiwa karibu na kijito, nyumba hii jibu lake liwe hapana. Alimwomba Mungu msamaha, kisha akabonyeza tena. Katikati ya wekundu ule, kijumba kimoja kikageuka kijivu.

Alasiri ukumbi ulifurika. Ramani ilikuwa imetandazwa ukutani, na watu walikuwa wakitafuta nyumba zao kwa vidole na kurudi vitini wakilia. Mama alikaa safu ya mbele, ameushika mkono wa bintiye, hathubutu kuwatazama jirani zake usoni.

Mkurugenzi akasimama, akainua mkono wa kulia.

"Mbele yenu nyote naahidi: kila mwenye nyumba nyekundu atapewa nyumba mpya kule mlimani, bure, kabla kijito hakijafurika. Wa kijivu watabaki walipo, na ramani hii haitabadilishwa na mtu yeyote."