Nyuzi Kwenye Pampu

Waliilaza pikipiki ya maji ubavu juu ya matairi makuukuu. Saumu akachomoa ufunguo, akapenyeza vidole kwenye mdomo wa pampu. Kombo alisimama pembeni, begi mgongoni. Ikiwaka tu, angevuka nayo kwenda mji wa ng'ambo, amkabidhi mnunuzi, kisha abaki hukohuko kwenye kazi mpya.

"Imemeza nini, fundi?"

"Majani. Na wavu wa watu." Aliutoa uzi mmoja mmoja, taratibu, kama anayemfumua mtoto nywele. "Huko utapata fundi mwingine?"

"Wapo. Ila hawana maneno mengi kama wewe."

"Basi masikio yako yatapumzika."

Wakacheka.

Uzi wa mwisho ukatoka. Saumu alilisukuma pangaboi la pampu kwa kidole, likazunguka jepesi, bila kukwama popote. Akauficha uzi kiganjani.

"Tayari?" Kombo aliuliza.

"Bado," alisema Saumu, akaiinamia tena pampu iliyokwisha kuwa safi.

Kombo aliuona uzi wa kijani ukining'inia katikati ya vidole vya Saumu. Akalishusha begi mchangani, akaketi.