Mikono Iliyochaguliwa

Siku hizo kila mgonjwa wa shinikizo la damu alipewa vidonge pamoja na mikono ya mtu wa kumkanda, na mikono hiyo ilipimwa kwanza hospitali kama inavyopimwa damu. Bi Chausiku alimeza kidonge chake cha asubuhi, akaificha barua ya majibu ndani ya khanga. Alikuwa amechaguliwa mikono ya Mgeni, jirani yao mshona nguo. Mikono ya mumewe, ilisema barua, humpandisha presha.

Mumewe alitoka jikoni na mafuta ya nazi aliyoyapasha moto, kama alivyofanya kila siku tangu mkewe augue.

“Mama Shani, majibu bado tu?” aliuliza, akikaa nyuma yake. “Au wanaogopa kuniajiri?”

“Wakuajiri wewe, wagonjwa waikimbie wodi!”

Mzee akacheka, akaanza kumkanda mabega taratibu, kwa uangalifu wa mtu aliyeshika yai. Bi Chausiku alifungua kinywa amwambie, kisha akaisukuma barua ndani zaidi ya khanga.

“Inashuka?” mumewe aliuliza.

“Inashuka, Baba Shani. Endelea.”

Masikioni mwake damu ilikuwa ikigonga kama mtu aliyefungiwa chumbani.