Sekunde Tisa

Ti! Kidude cha kupimia pumzi kililia gizani, nami nikakurupuka. Hulia hivyo programu yake inapoitwa, na mimi sikuwa nimeiita.

Siku hizi hakuna programu inayoruhusiwa kukesha. Ya benki, ya shule, ya zahanati, zote hulala zikikaa dakika tano bila kuitwa. Hii ya pumzi niliiandika mwenyewe, nilipomaliza masomo ya jioni. Mtoto mwenye pumu akikohoa, kikohozi chake huiita, nayo inamsikiliza, na akibanwa inamwita muuguzi. Ila ikiwa imelala, huchukua sekunde tisa kuamka, na kwa kifua cha Atupele wangu, sekunde tisa ni nyingi mno. Kwa hiyo kila baada ya dakika nne naiita kwa simu, isisinzie tu.

“Mwenzangu, utaugua wewe kabla ya mtoto,” jirani yangu, Mama Sekela, alinitania jana. “Hata walinzi hupokezana zamu!”

“Nikisoma zaidi nitazipunguza hizo sekunde tisa, dada. Zitabaki mbili.”

Sasa simu ilikuwa mkononi mwangu, na robo saa nzima ilikuwa imenipita usingizini. Nikakimbilia kitandani kwa Atupele. Alikuwa ameketi, macho makavu, anapumua vizuri kabisa. Kisha akajilazimisha kukohoa, kidogo tu, na kidude kikalia tena.

“Atu, kifua kinabana?”

Akatikisa kichwa. Ana miaka mitano.

“Rudi ulale, mama, mimi nakohoa ili isilale.”