Bawa la Gari la Picha

Bati lilibaki moja, na mwanangu Nadhir alikuwa keshaharibu matatu.

Gari alilokuwa akiliunda upya kwa mabati liliundwa Amerika mwaka 1954, moja tu, la maonyesho, lenye mabawa nyuma kama ya ndege. Watu walilishangaa mwaka mzima, kisha waundaji wake wenyewe wakalivunja. Tulichokuwa nacho ni picha ya gazeti kuukuu, bila ya kipimo hata kimoja. Na maonyesho ya magari ya Nizwa, huku Omani, yalikuwa keshokutwa.

"Mama, bawa hili la nyuma siliwezi," alisema. "Sijui urefu wake. Nitawaambia watu wa maonyesho khalas, basi tena, siji."

"Nipe hiyo picha."

Nimeshona Unguja, nimeshona hapa Ibra miaka ishirini na tano. Mteja huniletea picha ya nguo, nami hukata kwa kutazama. Gari sikulitazama. Nilimtazama bibi aliyesimama ubavuni mwake.

"Gauni hili nimelishona mara mia. Kiunoni hadi kwenye pindo, inchi ishirini na tisa."

"Mama, hili ni gari!"

Nilivuta uzi juu ya gauni, kiunoni hadi pindoni, nikaukata. Kisha nikaulaza juu ya bawa. Bawa lilikuwa uzi mmoja na nusu.

"Arubaini na tatu na nusu," nilisema, nikachora kwa chaki juu ya bati.

Nadhir alishika mkasi wa bati, akasita. "Na tukikosea?"

Nilimpokonya, nikakata penye chaki. Mkasi wake mzito kuliko wangu, lakini hukata vilevile.